Kikosi cha Muda Ulichoniachia

Dada mpendwa,

Masika yanakaribia. Nakuandikia nikiwa kibarazani kwako hapa Goba, kwa sababu ndani wamo watu watatu wanaofanya kazi, na mmoja wao amenitoa nje.

Unakumbuka tulivyoanza? Ulikuwa mwalimu wa hesabu usiyeweza kukaa bure, ukaandika ile programu ya kipimo cha maji darajani: mto ukipanda, watu wa bondeni wanatumiwa ujumbe kwenye simu wahame na watoto wao. Ukaiweka wazi mtandaoni, yeyote aisome, aitumie, airekebishe bila kuomba ruhusa. Nilikucheka. "Dada, kazi ya bure nani ataifanya?" Wakaja, wa Bunju, wa Segerea, hata watu ambao hatujawahi kuwaona sura.

Na ulikuwa na utaratibu wako. Kila tatizo na kikosi chake, watu wachache tu, na kazi ikiisha kikosi kinavunjwa kwa chai na chapati hata kama wamependana namna gani. "Wakikaa sana watajifanya wenye nyumba," ulisema. Kabla kompyuta hazijafunguliwa, kila mmoja alitaja kwa sauti anachokiogopa katika kazi ile. Jirani alidhani ni maombi. Wewe mwenyewe hukuwaandikia hata mstari mmoja wa programu. Uliwapikia, ulizuia wageni getini, ulipokea simu za wenye haraka ukawajibu kwa upole mpaka wakachoka wao. Niliona ni kazi nyepesi. Jamani, dada!

Tangu tulipokuzika, kazi hiyo ni yangu. Vuli iliyopita ujumbe ulichelewa. Mama Asha wa bondeni aliupata maji yakiwa yameshamfika magotini, mjukuu yuko mgongoni. Walipona, lakini nikifumba macho namwona yule mtoto akiteleza kwenye kanga ya bibi yake. Mpaka leo hatujui kwa nini ujumbe ulichelewa, na mvua haitusubiri tujue.

Ndiyo maana nimeunda kikosi: Zuhura anayefundisha Bunju, Baraka ambaye ni karani, na Salim wa familia yenye duka pale njia panda. Siku ya kwanza walitaja hofu zao vizuri tu. Ilipofika zamu yangu nikasema, "Mie siogopi kitu, nawaamini." Uongo mtupu. Tangu hapo nimekuwa nikisimama nyuma ya viti vyao: mmefika wapi, hapo je, mbona kimya? Leo asubuhi nikamwinua Salim kitini, nikajaribu mwenyewe, nikavuruga kilichokuwa kimeanza kukaa sawa.

Zuhura akanifuata jikoni.

"Dada, samahani, nikwambie ukweli?"

"Niambie."

"Sie hatuiogopi kazi, tunakuogopa wewe. Ukisimama pale nyuma, hata ninachokijua nakisahau. Na Baraka kashafunga begi lake."

Nikalia, dada. Kwenye sufuria ya maharage, bila aibu. Nikamsimulia habari ya Mama Asha na ile kanga. Zuhura akazima jiko, akanisikiliza mpaka mwisho.

"Sasa hilo si ungelisema siku ile, tukalibeba wote? Twende ukaliseme. Halafu utoke nje, utuachie."

Nikaenda, nikalisema mbele yao watatu. Baraka alilishusha begi begani, akavuta kiti, akamuuliza Salim walipoishia.

Sasa nimekaa hapa. Wingu limeshuka upande wa Bunju na matone yameanza kugonga bati. Ndani nimemsikia Salim akisema, "Bado!" Sikujua kwamba ulikuwa ukiogopa hivi. Nilikuwa nakuona umekaa kwenye kiti hiki unachambua mchele, nikadhani umetulia, kumbe ulikuwa umejizuia.

Naogopa, dada. Wakishindwa, kuna watu watalala bondeni wakiamini simu itawaamsha. Miguu inataka kuingia ndani ikaulize.

Mvua imeongezeka. Sijainuka.

Pumzika wewe, zamu ni yangu.

Mdogo wako,
niliye nje ya mlango