Binti Yangu Kampa Mwingine Mchezo Wake

Mshauri wangu, nisikilize kwanza, kunisema utanisema baadaye, maana mwenyewe najisema kila siku na haisaidii. Nina miaka hamsini na minane, kazi yangu ni kuongoza michezo ya jukwaani, sina kundi langu, naitwa mji huu nafufua mchezo wa zamani ambao watu walikwishausahau, nikimaliza naitwa mji mwingine nakaa na mwandishi chipukizi tunaandika na kufuta mpaka mchezo mpya usimame, na hivyo ndivyo miaka thelathini ilivyokwenda, nikiishi vyumba vya kupanga vyenye kitanda kimoja na pasi ya kuazima, na binti yangu wa pekee akalelewa na dada yangu, na kila akipiga simu nilimjibu, "Nikimaliza huu, mwanangu, nakuja."

Sasa binti ni mtu mzima, kumbe naye anaandika, sikuambiwa, nimeona tangazo kwenye mlango wa ukumbi nilikokwenda kuulizia kazi, mwandishi ni yeye, na mwongozaji ni mwanamke niliyemfundisha kazi mimi mwenyewe, mshauri. Watoto wa watu wangapi nimekaa nao kurasa kwa kurasa, na wa kwangu kanipita kama hanijui!

Nikampigia dada yangu. Akasema, "Mdogo wangu, aliogopa utamrekebisha."

Ningeishia hapo. Lakini Jumanne nikaenda mazoezini bila kualikwa, nikajibanza nyuma ya pazia la mlangoni, na pale jukwaani palikuwa na meza, simu, na mwigizaji mwenye miwani kama yangu, akainua simu akasema harakaharaka, "Nikimaliza huu, mwanangu, nakuja." Ni mimi yule, mshauri. Na unajua nilifanya nini? Sikulia. Nilijitokeza nikasema kwa sauti, "Hapana, usikimbize! Anayesema hivyo anaamini kweli atakuja."

Wote wakageuka. Binti yangu akainuka kutoka kiti cha mbele, akasema polepole, "Shikamoo, mama. Naomba utoke."

Nikatoka. Tangu siku hiyo hapokei simu. Mchezo unafunguliwa Ijumaa ijayo, na siku hiyohiyo nasubiriwa mji mwingine kuanza kazi mpya. Natamani anialike. Natamani hata anigombeze, mradi niisikie sauti yake. Nifanye nini?

Mama Mwongozaji

MSHAURI ANAJIBU

Mama Mwongozaji, pole. Nimeisoma barua yako mara mbili, na ya pili nilikuwa nimekasirika. Unamwingilia mtoto kazini kwake, mbele ya wenzake, halafu unashangaa hapokei simu? Mtu angefanya hivyo kwenye mazoezi yako ungemfukuza, hata angekuwa mama yako mzazi.

Yeye alikuamkia kwanza. Umeliandika hilo ukapita. Mimi nimesimama hapo. Aliyekufuta moyoni hakuamkii.

Na angekupaje mchezo huo uuongoze? Ungeanza kuupunguza siku ya kwanza, tena ungeanzia palipokuuma. Waongozaji atapata wengi. Kilichompungukia utotoni ni mama aliyetulia akamsikiliza.

Basi leo hii mpigie huyo anayekusubiri, mwambie utaanza Jumatatu. Akikasirika, akasirike. Binti usimpigie tena. Mwandikie mistari mitatu tu: nilikosa kuingia vile, nisamehe, Ijumaa nitakuja, nitakaa nyuma, si lazima uje kunisalimia. Habari za miaka thelathini na ugumu wa kazi ziache kabisa, hakuuliza.

Nunua tiketi kama watu wengine. Usibebe daftari wala kalamu. Patakuuma, nakwambia mapema, na wewe kaa hapohapo mpaka mwisho. Usiende nyuma ya jukwaa kukumbatia waigizaji. Simama nje na watazamaji. Akija, mpe pongezi unyamaze. Akikuuliza umeuonaje, mwambie umejiona, na kwamba alikuwa na haki ya kuandika.

Asipokuja, rudi Jumamosi, ukate tiketi nyingine.