Nilifuta Tisa, Nikaandika Sita

Bi Nusaiba, shikamoo,

Naomba unisikilize hadi mwisho kabla hujanihukumu, maana ninachokuletea si ugomvi wa ndoa wala mirathi kama ninavyosoma hapa kwako kila Jumamosi, ni habari ya mpira wa magongo, na tafadhali usinicheke. Mimi ni mwalimu wa kike wa miaka thelathini na sita, nafundisha jiografia sekondari moja huku upande wa Mchinga, na mchezo huu niliujulia chuoni, kwa hiyo nilipohamishiwa huku miaka minne iliyopita nikaanzisha timu ya wasichana kwa magongo sita ya msaada na mengine fundi seremala akatuchongea kwa mti wa mpera. Watu walicheka, wazazi wakasema mtoto wa kike kuinama uwanjani na fimbo ni utovu wa adabu, na mama wa kwanza kabisa kumruhusu mwanawe alikuwa jirani yangu, nimwite Bi Zuwena, alimshika binti yake Kudra mkono akamleta uwanjani mwenyewe, mtoto kavaa suruali ndefu na mtandio, na mama akasema mbele ya wenzake kwamba yeye anamwamini mwalimu huyu, na baada ya hapo ndipo wengine wakaleta wa kwao. Bila yule mama timu isingekuwepo, hilo nalijua.

Kudra aliushika mchezo ndani ya wiki moja tu, alikuwa na miaka kumi na mitatu wakati huo, anampeleka beki kulia halafu anageukia kushoto na beki anabaki amesimama, hata wavulana walikuja kutazama. Kila mwisho wa muhula huwa nawapanga wasichana wangu kumi na wanne, wa kwanza hadi wa mwisho, nina daftari ambalo kila mmoja nampa alama, kumi kwa kupokea mpira, kumi kwa pasi, kumi kwa kukaba, kumi kwa mbio na kumi kwa kuuelewa mchezo, na kwa miaka mitatu Kudra hajawahi kuwa wa pili.

Sasa mwaka jana akaja Naima, ametokea Kilangala, wazazi wake ni wakulima wa korosho na huku anakaa kwa shangazi yake, na mwanzoni mpira ulikuwa unampita katikati ya miguu, nikampanga wa kumi na nne na nikasema mbele ya wenzake kwamba huyu atatufaa kwa kuokota mipira, wote wakacheka na mimi nikacheka. Hakuacha. Wenzake wakiondoka yeye anabaki anapiga mpira kwenye ukuta wa stoo ya shule, tena ana maswali, kwa nini mwalimu umeniambia nisimame pale na si hapa, na mara nyingine nikimjibu ndipo na mimi najifunza. Mwezi wa tisa tulicheza na shule moja ya Lindi mjini, kipindi cha pili beki wao alikuwa ameshaijua ile chenga ya Kudra, akawa anamsubiri kushoto na kumnyang'anya kila mara, na siku hiyo aliyetuokoa ni Naima, alikuwa anafika mpira unakokwenda kabla haujafika, na anawaambia wenzake wasimame wapi.

Wiki mbili baadaye ikaja barua ya mkoa pamoja na fomu, kila shule ijaze majina ya wasichana watano kwa mpangilio, pamoja na maelezo ya namna kila mmoja alivyokua kimchezo, na wa kwanza ndiye atakayekwenda kambi ya vijana Dar es Salaam mwezi wa kumi na mbili. Nikakaa ofisini nikajumlisha alama mara tatu, Naima arobaini na moja, Kudra thelathini na tisa. Bi Nusaiba, nilichukua kifutio. Kwenye kuuelewa mchezo Naima alikuwa na tisa, nikafuta nikaandika sita, akawa na thelathini na nane, nikajiambia kwamba mechi moja si kitu na kwamba Kudra ana kipaji cha kuzaliwa. Kesho yake mwalimu mkuu akalisoma jina la Kudra mstarini, Bi Zuwena akapika pilau ya dua, na mimi nilikaa kwenye mkeka nikala, nikaitikia amina.

Tangu siku hiyo sielewi kitu. Mwenzangu Klementi, mwalimu wa hesabu anayenisaidia mazoezi, aliliona daftari, penseli ilikuwa imeacha alama kwenye karatasi, akaniuliza, "Mwalimu, hii tisa imekwenda wapi?" Nikaanza kumweleza habari za kipaji na ile mechi, akasema yeye hazungumzii mechi, anazungumzia karatasi, na kwamba hatamwambia mtu lakini pia jina lake yeye kama msaidizi wangu lisiwekwe kwenye ile fomu. Halafu akaja Naima mwenyewe, akavua viatu mlangoni, akaniamkia, hakulia wala hakulalamika, akasema, "Mwalimu, naomba uniambie nimepungukiwa nini, nikalifanyie kazi." Nikamjibu uzoefu. Akauliza, "Uzoefu wa kitu gani, mwalimu?" Nikamwambia aende darasani kengele imelia, na haikuwa imelia.

Na kinachonichanganya kuliko vyote ni huyo huyo Kudra niliyempendelea. Badala ya kufurahi, tangu jina litangazwe anasema goti linamuuma, uwanjani anachechemea, zahanati wamemwangalia hawakuona kitu, na juzi nilimkuta ametoka bombani na ndoo kichwani anatembea sawasawa, aliponiona akaanza kuchechemea. Nilipomuuliza akasema, "Mwalimu, kwani lazima niende mimi?" Nikamkemea, nikamwambia aache kukufuru neema. Sasa nikimtazama sijui kama namwona yeye au namwona yule mtoto wa miaka kumi na mitatu. Fomu inaondoka Ijumaa ya wiki ijayo. Nikibadilisha nitamwaibisha Bi Zuwena mbele ya watu waliokula pilau yake, na nisipobadilisha sijui nitamtazamaje Naima, na wakati mwingine nadhani huenda sina jicho la ukocha kabisa na heri timu nimwachie mwingine. Majina niliyotaja si yao. Nisaidie mama.

Aliyevurugikiwa, pwani ya Lindi

*

Marahaba, mwalimu.

Wewe hukuvurugikiwa kiasi hicho. Asiyeona huwa hafuti. Jicho lako liliona tisa, na liliiona kabla hujajumlisha, kwa hiyo hilo swali la kama una jicho au huna liweke kando, ni maficho tu. Kuiacha timu nako ni maficho. Utabaki.

Nianze na aliyeniuma moyo zaidi, kwa sababu wewe umempita haraka. Umeandika habari za goti la Kudra kama kitendawili. Mimi nilifundisha madrasa miaka kumi na minane kabla ya kazi hii, na nilikuwa na binti mmoja mwenye sauti iliyowatoa watu machozi. Nilimsifu kila siku, kila mgeni akija namsimamisha yeye. Sikugundua kwamba kwa mwaka mzima hakuwa amehifadhi sura mpya hata moja, alikuwa anarudia zile zile alizosifiwa nazo. Siku ya mashindano alipatwa na kikohozi. Nilimpa tangawizi na asali, nikamkaripia, na hakikuwa kikohozi. Alikuwa anaogopa, na sababu ya woga ule nilikuwa mimi.

Kudra anajua. Alikuwepo Lindi siku ile, yeye ndiye aliyenyang'anywa mpira. Anajua kwamba chenga yake ni moja na kwamba Dar es Salaam wataijua kabla ya chakula cha mchana. Miaka mitatu umemwambia kwamba ni wa kwanza, hukumwambia kitu kingine, na alipojitahidi kukuambia ukweli kwa adabu yake yote ukamwambia anakufuru. Fomu inakuuliza kila mtoto amekua vipi. Kwa Kudra uliandika nini hapo? Hukuniambia, na nadhani najua kwa nini. Ulidhani unampendelea, mwenzangu, kumbe ulimsimamisha njiani.

Kwa Naima sina maneno mengi. Mtoto uliyemfanyia mzaha mbele ya wenzake alikuja mlangoni kwako kuomba kazi ya kufanya, ukamdanganya habari ya kengele. Aibu hiyo ni yako na ubaki nayo kidogo, itakufunza.

Sasa fanya hivi, na ufanye kabla ya Ijumaa hiyo.

Mwanzo uende kwa Kudra, kabla ya mtu mwingine yeyote, asije akazisikia habari zake mstarini. Kaeni wawili. Mwambie ulichokifuta na kwa nini. Mwambie amesimama wapi na tangu lini, useme wazi, chenga moja, upande mmoja, na umwambie kwamba hayo ulikuwa na wajibu wa kumwambia tangu mwaka jana. Usimuulize habari ya goti. Mpe zoezi jipya la kuanza nalo kesho yake, gumu, ambalo atalikosea. Akilia, mwache alie.

Kisha nenda kwa mwalimu mkuu na daftari mkononi, umwonyeshe penye kufutwa, urudishe tisa mbele yake. Atakasirika, ana haki. Mwombe tangazo la pili lisomwe pale pale liliposomwa la kwanza, na ulisome wewe. Kuanzia muhula huu Klementi naye atoe alama zake kwenye karatasi yake, msionyeshane mpaka mmalize, na mnapotofautiana mbishane mbele ya mpira, si mbele ya ujirani.

Naima mwite baada ya hapo. Mwambie hakupungukiwa kitu cha kumnyima nafasi, na umwombe radhi bila maelezo marefu. Halafu, kwa kuwa aliuliza swali la maana, mjibu. Amepata arobaini na moja, si hamsini. Zile tisa zilizobaki ziko wapi, kwenye mbio, kwenye pasi? Mwambie moja moja. Huko kambini hakuna atakayemhurumia kwa sababu alionewa Mchinga.

Amebaki Bi Zuwena. Yule mama alisema anakuamini, na alichokuamini nacho ni mtoto, si nafasi ya kwanza. Fadhila yake ilipe kwa kilicho chako, usiilipe kwa jasho la binti wa mtu mwingine wa Kilangala ambaye hata humjui. Nenda kwake kwa miguu yako, usimpigie simu na usimtume mtu. Mwambie, "Nilimpendelea mwanao, na kwa kumpendelea nimemkosea." Usimtaje Naima, usiitaje ile mechi. Atasema maneno, kaa uyasikilize yote, hata yale yasiyo ya haki. Huenda ikapita miezi bila kukuitikia salamu. Wewe kila asubuhi ukipita mlangoni kwake, msalimie.