Shangazi wa Sabuni

Jumatatu, 3 Machi

Kikao cha asubuhi, saa nzima na robo. Ajenda moja: kwa nini watu hawatupendi mtandaoni.

Meneja wa masoko ametundika televisheni ukutani, na ndani yake mna mstari mmoja tu wa kijani. Unaonyesha wangapi wamelaiki na kukomenti kwenye ukurasa wetu. Akiingia ofisini anautazama mstari kwanza, ndipo anatusalimia sisi. Leo ulikuwa umelala chali. Alisimama mbele yake mikono kiunoni, kama daktari aliyechelewa.

Sisi ni kiwanda cha sabuni ya unga. Nani huamka asubuhi na hamu ya kuzungumza na sabuni? Niliwaza hivyo, sikusema. Bado wiki mbili na nusu muda wangu wa majaribio uishe, waamue kama nabaki au naondoka. Shahada yangu ya fasihi imo kwenye bahasha ndani ya droo. Juu yake nimeweka stepla.

Amri mpya: kila mfanyakazi, kuanzia mhasibu hadi mlinzi wa getini, akomenti kila posti kabla ya saa nne asubuhi. Tujichangamshe wenyewe, anasema, na umma utafuata. Wote tukatikisa vichwa. Mimi pia.

Jumatano, 5 Machi

Tumejichangamsha.

Tuliweka tangazo la rambirambi. Wakala wetu wa siku nyingi amefariki. Saa tatu na nusu mlinzi akatii amri: "Hongereni sana, kazi nzuri, tuzidi kusonga mbele." Wapakiaji wa ghalani wakafuata chini yake, kila mmoja na kidole gumba chake. Familia ya marehemu imepiga simu mara mbili.

Nilishuka getini kumuuliza kama alisoma alichokuwa anakipongeza.

"Dada, niliambiwa nikomenti," akasema. "Sikuambiwa nisome."

Huenda ndiye mwenye akili timamu peke yake katika jengo hili. Meneja aliomba radhi kwenye simu kwa sauti ya msibani, huku macho yakiwa kwenye televisheni. Mstari ulikuwa umepanda kidogo.

Alhamisi, 6 Machi

Nimekabidhiwa ukurasa. Mzima. "Wewe ndiye msomi," meneja kaniambia. "Ufanye uongee kama mtu."

Nimewaza njia nzima ya kurudi nyumbani. Chapa zote zina sauti moja: mpendwa mteja, tunakujali. Nani amewahi kuambiwa hivyo akaamini? Anayebembeleza hajibiwi. Anayegombeza ndiye hujibiwa.

Na nani ajuaye kugombeza kuliko shangazi? Dada mkubwa wa baba. Ndiye aliyenilea tangu nina miaka tisa, na mpaka leo hukagua kola ya blauzi yangu nikiwa mlangoni. Akikukosoa hubishi. Si kwa sababu ana haki, maana mara nyingi hana. Kwa sababu ni shangazi. Unainamisha kichwa, unasema samahani shangazi, unakwenda kubadilisha blauzi.

Kuanzia kesho sabuni yetu itakuwa shangazi wa watu wote.

Jumanne, 11 Machi

Imeshika kuliko nilivyotaka.

Posti ya kwanza, ya Ijumaa: "Nyinyi mnaoanika shuka lina doa mkisema jua litalitoa, mnamdanganya nani?" Watu mia sita wamejibu, na wengi wanaomba msamaha. Watu wazima, wenye ndevu kwenye picha zao, wanaiandikia pakiti ya sabuni "shikamoo shangazi". Mwingine kapiga picha kamba yake ya nguo ili ikaguliwe. Nilimwambia soksi zake zinatia huruma. Akashukuru!

Kila neno nimelichukua kwa shangazi mwenyewe. Namchokoza anapokunja nguo, nasikiliza, nakwenda chumbani kuandika. Yeye hajui. Mtandao kwake ni picha za harusi za ndugu.

Wanapenda kukaripiwa kumbe, mradi anayekaripia wamwite kwa jina la kindugu. Nawadharau. Na kila asubuhi, kabla ya kupiga mswaki, natazama wamefika wangapi.

Ijumaa, 14 Machi

Leo tumetangaza pakiti mpya yenye harufu ya waridi, ambayo iko madukani tangu mwezi jana. Komenti arobaini za kujibu kabla ya chakula cha mchana. Moja ilitoka kwa mwanamke mwenye picha ya ua badala ya sura: "Shangazi, hii ya waridi inanichubua mikono. Ile ya zamani haikuwa hivi."

Nikajibu bila kufikiri. Hapana. Nilifikiri, tena kwa raha sana. Nikaandika: "Mikono hiyo ilizoea kushika nini, mwanangu, rimoti? Ikichubuka ndiyo inajifunza kazi."

Vicheko elfu nne kufikia alasiri. Umekuwa mchezo: watu wanapiga picha viganja vyao na kuandika "Shangazi, yangu inajifunza kazi". Meneja alitoka ofisini kwake akapiga makofi peke yake katikati ya chumba, akisema hii sasa ndiyo engejimenti. Mstari umegonga ukingo wa juu wa televisheni. Fundi wa kompyuta ameitwa aupe nafasi.

Yule mwanamke aliandika tena mara moja tu. "Samahani, shangazi."

Nilicheka. Humu hasomi mtu, basi na niandike: nilicheka kwa sauti.

Jumatatu, 17 Machi

Kulikuwa na ujumbe wa faragha unaosubiri tangu Jumamosi. Mwenye picha ya ua. Picha mbili, kiganja cha kulia na cha kushoto. Ngozi ya katikati ya vidole imebanduka kama lebo iliyolowa. Chini yake pabichi.

Ni dobi. Huwafulia watu wa nyumba saba, kwa mikono. Nanakili alivyoandika: "Shangazi, si uvivu. Nafua tangu nina miaka kumi na sita, sasa nina hamsini na miwili. Tangu jana nimevumilia tena ili mikono izoee kama ulivyosema. Wiki hii nimeshindwa kukamua. Nyumba mbili zimeshapata mtu mwingine. Niendelee nayo au niache?"

Kama ulivyosema.

Nilikwenda maabara, chumba cha nyuma. Mkemia alitazama picha, akavua miwani, akaifuta, akatazama tena.

"Magadi," akasema. "Waridi ya mwezi jana ilizidishwa magadi. Niliandika ripoti. Mara mbili."

Nikamuuliza ripoti ziko wapi.

"Kwa bosi wako. Alisema tusubiri kampeni iishe. Anayefulia mashine haitamfanya kitu. Anayetia mikono humo kutwa itamchuna."

Nikamuuliza mbona hasemi hadharani. Akarudisha miwani puani. "Mimi naandika ripoti, mdogo wangu. Anayezungumza na watu ni wewe."

Mwoga. Nilitoka nikimdharau hadi ngazini, ndipo nikaona dharau yenyewe haina pa kukaa.

Meneja nilimwekea simu mezani. Alizitazama picha kwa muda ambao mtu hutazama picha ya pasipoti ya asiyemjua. Akauliza kama kuna wengine. Nikasema kumi na mmoja, wamezama chini ya vicheko.

"Basi usifute kitu, usiombe radhi. Ukiomba radhi umekiri. Halafu Shangazi haombi radhi, si ndio uzuri wake?"

Uzuri wake. Ananifundisha mimi.

Ana mpango. Mwanamke aitwe keshokutwa kwenye laivu, "apatane na Shangazi" mbele ya wafuasi, apewe glavu zenye nembo yetu na katoni nzima ya sabuni. Nikauliza sabuni gani.

"Ya waridi. Ndiyo tunayoitangaza."

Si mkatili. Mkatili angezitazama zile picha vizuri. Nikiwa mlangoni akaniambia barua yangu ya kuthibitishwa kazini iko tayari, ataitia saini Jumatano laivu ikiisha.

Nikasema sawa.

Kisha nikakaa kumjibu yule mama. Niliandika: "Acha kuitumia kabisa mpaka tuonane. Karibu ofisini Jumatano saa tano." Nikasoma. Nikafuta sentensi ya kwanza. Nikatuma iliyobaki.

Jumanne, 18 Machi

Jirani amemwonyesha shangazi ule ukurasa. Ameuleta mezani wakati wa kula, simu ya jirani mkononi, akidhani ananipa habari mpya.

"Umemwona huyu? Maneno yangu matupu. Jirani alidhani ni mimi nimejiunga."

Alikuwa anafurahi. Alinisomea ya shuka, ya soksi, akawa anajichekea. Kisha akafika kwenye ya mikono. Akaisogeza simu mbali na macho, akaisoma kimya.

Nikamuuliza anaonaje.

"Mimi nina mdomo, najua," akasema. "Lakini mtu akiniambia anaumwa, hata awe nani, nitamwambia lete nione. Huyu hakusema lete nione." Akailaza simu kifudifudi. "Huyu si shangazi wa mtu."

Akaniuliza mbona sili.

Jumatano, 19 Machi

Saa tano kasoro robo. Chumba cha mikutano. Naandika magotini, daftari liko chini ya meza.

Taa mbili kubwa. Pakiti za waridi zimepangwa kama piramidi, nembo zote zikitazama kamera. Kompyuta yangu iko pembeni, nje ya picha, kwa sababu Shangazi haonekani. Maneno yake yatatokea tu kwenye skrini, na nitakayeyachapa ni mimi. Meneja amenisisitizia mara tatu nisijitambulishe. Wafuasi elfu tisa wanasubiri. Yeye yuko nje ya kioo, anazungumza kwenye simu na kunionyesha dole gumba.

Mama amefika tangu saa nne. Mlinzi alimpa kiti chake mwenyewe, kisha akampandisha huku juu. Amevaa nguo ya kutokea, imepigwa pasi mpaka mikunjo imesimama. Mikono ameifunga kwa kitambaa cheupe, nacho pia kimepigwa pasi. Sijui aliipigaje.

Nikamwamkia. "Marahaba, mwanangu," akasema, akatazama mlangoni nyuma yangu. "Shangazi amefika?"

Nikasema bado.

Amekuja mapema makusudi, anasema, amwone kabla ya kamera. Anataka kumwomba radhi. Mtu mzima halalamikiwi mbele za watu. Alipaswa kumwendea pembeni tangu mwanzo. Kumjibu vile Shangazi alikuwa na haki, alikuwa amekasirishwa. Alisema yote hayo akiwa ananyoosha kitambaa kwa kiwiko.

Nikamuuliza kama bado anaitumia ile sabuni.

"Natumia. Niliuliza kama niache, hakuniambia niache."

Meneja amegonga kioo. Vidole kumi: dakika kumi. Katoni imeingizwa, imewekwa miguuni pa mama. Amesoma maandishi ya ubavuni, akasogeza miguu kidogo kuipisha. Kisha amevuta kiti cha pili karibu na chake, akakipangusa kwa upindo wa nguo.

Kompyuta imewashwa. Kisanduku cha Shangazi kiko tupu, alama inapepesa. Nimeandika "Acha". Sijabonyeza kitu. Meneja anatazama televisheni, hanitazami mimi.

Mama ameniona nikiandika. Ananiambia niendelee tu na kazi yangu, nisimjali, yeye atasubiri. Ila ana ombi moja. Kwa kuwa hapo alipokalishwa mbele ya kamera ameupa mlango mgongo na hamjui kwa sura, Shangazi akiingia nimguse begani, asije akakutwa amekaa mtu mzima amesimama.

Nimemwambia nitamgusa.