Kichwa cha Yudith si Kibovu

Kijijini, Iringa,
22 Januari 1978

Kwako mwanangu Silvester,

Nani alikufundisha kumwita mtoto wako Yudith boga mbele ya watu? Habari zimenifikia. Ulisema palepale sokoni Uyole, wauza viazi wanasikia, eti umemsomesha miaka saba bure na kichwani mwake mna maji matupu. Mimi niliyekuzaa sikukuita boga hata siku ile ulipolala machungani, ng'ombe wakamaliza shamba la Misheni. Leo una baiskeli na saa ya mkononi, basi umepata wa kumtukana. Aibu yako.

Haya, Tumsifu Yesu Kristo. Kamwene. Mimi ninapumua. Goti la kushoto huniuma mvua ikikaribia, na mwaka huu mvua haikomi, kwa hiyo jijibu mwenyewe. Mkeo hajambo? Kifua cha mtoto mdogo kimepona? Majirani wanakusalimu, ingawa kusema kweli sikuwauliza. Barua hii naiandika kwa mkono wangu. Cheti changu cha kisomo cha watu wazima kiko ukutani, na maneno ya leo hayafai kupita kinywani mwa mtu mwingine. Nimeanza juzi. Ukiona herufi zimelala, ujue hapo nilichoka.

Nimeambiwa pia kwamba utamwoza Yudith kwa Saulo, yule dereva wa lori, Pasaka ikipita. Umesema maadamu hakuchaguliwa kwenda sekondari, hakuna kingine cha kumfanyia. Mtoto ana miaka kumi na tano. Saulo ana mvi. Soma kwanza mpaka chini, ndipo umjibu huyo Saulo.

Mwaka huu shuleni kwetu huku, alikosoma Yudith akikaa kwangu, hakuchaguliwa hata mmoja. Mwaka jana vilevile, na mwaka juzi. Kijiji cha ng'ambo ya mto wamekwenda wanne, na mmoja wao ni Juliana, binti wa mgema ulanzi, ambaye Yudith alikuwa akimfundisha hesabu kisimani. Watu wetu wakaanza kusema ng'ambo wanatumia dawa. Tukaitwa mkutanoni. Mwalimu Helena, huyu mwalimu mkuu mpya, akasimama akasema hiyo dawa ameiona kwa macho yake: ni rafu moja ya vitabu pembeni mwa darasa la sita. Watoto wa kule huchukua kitabu Ijumaa na kukirudisha Jumatatu. Wamesoma habari za bandari, za damu inavyozunguka mwilini, za nchi zenye barafu. Wa kwetu wanajua kilichoandikwa ubaoni tu, na ubao hufutwa kila siku. Alisema mtoto wa namna hiyo hata akijitahidi vipi atajua anachojua mwalimu wake, basi, na dunia anayokwenda kuishi mwalimu mwenyewe hajaiona.

Kisha akauliza kwa upole kama kweli shule hii haijawahi kupewa vitabu. Mwenyekiti akajibu kwamba viliwahi kuja, sanduku zima, lakini wilaya ikavichukua tena. Watu wakaguna, wakailaumu wilaya. Mimi nilikuwa nimekaa mbele kabisa. Nikatazama miguu yangu.

Silvester, wilaya haikuchukua kitu.

Mwaka ule tulipohamishiwa kijiji kipya, shule ilikuwa ya nyasi, inavuja, na mchwa wanatembea mpaka mezani kwa mwalimu. Sanduku lilipofika, Mwalimu Timotheo alitafuta nyumba yenye bati. Ilikuwa yangu peke yake. Akanikabidhi ufunguo, akaniomba kila Jumamosi niwafungulie watoto, kila mmoja achukue kimoja. Nilijiona mkubwa, nisikufiche. Mimi ambaye baba yangu alisema shule ni ya wavulana, sasa mwalimu ananiamkia na kuniachia vitabu vya serikali.

Jumamosi ya kwanza nikafungua. Wiki iliyofuata kimoja kikarudi na vidole vya mafuta, kingine kimelowa mvua. Nikaona hawa wataviua. Unajua kwetu tunavyotunza mbegu: darini juu ya jiko, moshi ukipita juu yake usiku na mchana, na hakuna mdudu anayethubutu. Tangu kwa mama yangu mbegu haijaharibika mikononi mwetu. Nikalipandisha sanduku darini, katikati ya mahindi. Mwalimu Timotheo alikuja mara mbili kunisihi. Nikamwambia mtoto kama yeye hawezi kunifundisha kutunza, angoje mpaka shule ipate jengo la maana. Kabla ya jengo akahamishiwa Chunya kwa ghafla, akaondoka na begi moja. Watoto walipokuja kuuliza, nikawaambia wilaya imekuja kuvichukua. Nilisema mara moja tu. Mengine walieneza wenyewe.

Yudith alijua. Alikuwa akilala nyumba hii. Mwezi wa nane, mtihani umekaribia, alinipigia magoti akaomba kimoja tu, chenye ramani. Alisema, "Bibi, nitakisomea humuhumu jikoni. Hakitavuka mlango."

Nikamkatalia. Niliogopa wenzake wakimwona, uongo wangu utajulikana. Nikamwapisha kwa rozari ya marehemu baba yako asimwambie mtu. Ulipomwita boga sokoni, angeweza kukujibu. Hakunitaja.

Baada ya mkutano nilipanda darini na goti langu hili, nikalishusha sanduku. Vimekauka, mwanangu. Kurasa zimekuwa rangi ya kahawia, ukifunua zinavunjika kama majani ya tumbaku. Mahindi kila mwaka nilikumbuka kuyashusha nikayapanda. Jana nilivipeleka kwa Mwalimu Helena, nikamweleza yote mbele ya mwenyekiti. Hakunikaripia. Alifungua kile cha ramani, kipande cha bahari kikaanguka sakafuni, akainama akakiokota, akakirudisha taratibu mahali pake. Afadhali angenitukana.

Nilimwuliza kama Yudith anaweza kurudia mtihani. Amesema hairuhusiwi. Nafasi yake imekwisha, na huo ni mzigo wangu, nitakwenda nao kaburini. Lakini kuozwa kwa kosa langu, hapana. Hilo halitafanyika nikiwa hai.

Msalimie mkeo, na mwambie asimpe mtoto maji ya baridi asubuhi. Wasalimie wote wanaonikumbuka huko Mbeya, na wasionikumbuka pia.

Sasa fanya hivi. Mwite Yudith leo hii, mkeo awepo. Mpe barua aisome kwa sauti tangu mwanzo, asiruke mahali palipo na aibu yangu wala yako. Sauti yake ikitetemeka, usimpokonye karatasi. Ngoja mpaka amalize. Kisha simama, nenda kwa Saulo kwa miguu yako mwenyewe, ukamwambie hapana.

Mimi mama yako,
Rozalia