Kazi ya Nyumbani ya Okwi

Malaba, Jumapili

Mwanangu Akiror,

Mvua imekubali na mtama umeota vizuri. Foleni ya malori yanayosubiri kuvuka mpaka imerudi hadi langoni kwetu. Uliuliza mwanao Okwi anaendeleaje na shule, na tangu hapo kila simu ikilia nashtuka.

Chekechea uliyomchagulia ukiwa huko Doha inawapa watoto wa miaka mitatu mtihani. Unajua miaka ishirini serikali ilinituma kuwaeleza wazazi kwamba umri huo ni wa kucheza. Lakini ulitaka aanze mapema, nikanyamaza. Okwi akawa wa mwisho darasani, akaanza kukojoa kitandani. Basi nikawa namwandikia kazi ya nyumbani, tena kwa mkono wa kushoto ili ionekane ya mtoto.

Mwalimu Syprose akaniita. "Mzee, huyu wa miaka mitatu anaikata namba saba kwa kistari katikati kama karani wa zamani!"

Nilicheka, kisha nikaona haya. Nilimtoa shuleni wiki mbili zilizopita, na sikukuambia.

Ukikasirika utakuwa na haki. Ila leo alipanga magunzi ya mahindi kutoka mlangoni hadi jikoni, akahesabu malori yake kumi na manne bila kukosea. Nilipotaka kuvuka akanizuia.

"Babu, rudi nyuma. Hujagongwa muhuri."

Nikampa kiganja. Akakigonga kwa gunzi, akanipisha.

Nijibu upesi, mama, hata kama ni kwa kunigombeza.

Baba yako,
Ejoku