Saa Nne Kutoka Kalkata

Kaka Makori,

Sijui barua hii itakukuta wapi, lakini naiandika kwa hasira, na wewe wajua nikikasirika mwandiko wangu hulala upande. Ulisema saa nne! Barua yako ya mwisho ninayo hapa: "Kesho jeshi linatupandisha ndege kutoka Kalkata kwenda Rangun. Mwendo wa saa nne tu, bwana mdogo. Uji nakunywa huku, chakula cha mchana nakula kule. Nikifika tu, naandika." Tangu hapo tumevuna mahindi mara mbili. Vita vimekwisha, wenzako wamerudi na makoti yao ya jeshi, na hakuna aliyekuona Rangun.

Nilimwendea mwalimu wa misheni anipimie njia hiyo. Akatandaza uzi juu ya ramani, akasema ni zaidi ya maili mia sita, kama kwenda Nairobi, kurudi, na kwenda tena. Uzi wenyewe haukufika urefu wa kidole changu. Nikamuuliza, "Na katikati kuna nini?"

"Maji," akasema. "Halafu milima yenye misitu." Akaukunja uzi wake na hakunitazama tena.

Saa nne ni mwendo wa miguu kutoka hapa kwetu Suneka hadi Ogembo. Wakumbuka tulipompeleka fahali wa marehemu baba, mto Gucha umefurika, ukanibeba mgongoni? Nililia bila haya. Ukaniambia, "Wacha kutazama maji. Tazama kisogo changu." Nikakitazama mpaka ng'ambo. Lile kovu nyuma ya sikio lako nalijua kuliko uso wako. Nakukumbuka, kaka, mpaka natamani kukuchapa.

Sasa sikia ya nyumbani. Mke wangu Kerubo amejifungua mtoto wa kiume. Wiki tatu mtoto analia tu, kunyonya hataki, amekonda akabaki macho tu. Mama akasema lile tunalolijua sote: kuna marehemu anayedai jina lake. Tukamwita jina la babu. Akalia. La baba. Akalia. La baba mdogo aliyekufa kwa ndui. Akalia mpaka sauti ikakauka. Hapo mama akanigeukia, nami nikamkatiza: "Mama, hilo usilitaje! Huyo yu hai!" Kwetu mtoto hapewi jina la mtu anayepumua. Kumwita Makori ni kukuzika bila maiti. Nilifoka hadi majirani wakajaa mlangoni. Mchungaji akasema hayo ni mambo ya giza, tuombe. Tukaomba, na mtoto akazidi kupungua.

Jana asubuhi Kerubo hakuniuliza. Alimpakata, akamwinamia, akalitamka mara moja tu.

Mtoto akanyonya.

Namsikia akimeza hata sasa ninapoandika. Mama yuko uani, ananyolewa nywele kama mtu aliyefiwa, na hakuna aliyemwambia afanye hivyo. Nami, kaka, nimefurahi. Mwanangu ananyonya na nimefurahi, na furaha hiyo inanitisha kuliko kimya chako.

Kama upo, njoo ulichukue jina lako mwenyewe. Mimi sina nguvu ya kumnyang'anya.

Mdogo wako,
Baba Makori