Bonnette ya kitenge ya mama

Kahambu, acha kila kitu, soma hii.

Unakumbuka Guylain, ule tulikuwa tunafanya naye podcast, alirudi mikono tupu kutoka Rubaya, akasema watu wa silaha wamemunyanganya ku barrière, kule wanafunga njia, mikro ya podcast yetu na accessoires zote? Zote! Ile pied ya kusimamisha mikro, tulichagua siku muzima. Na bonnette, ile kofia ya mikro nilishona mimi mwenyewe, juu za duka zilikuwa zinaacha upepo ya Bihambwe inaingia mu sauti.

Niliishona na kitenge ya mama. Ile ya kijani yenye ndege. Kipande ya mwisho nilibakia nayo kisha kumuzika.

Sasa hivi rafiki yangu Kétsia ananitumia video. Guylain amefungua podcast yake. Yeye peke yake! Mikro iko mbele ya kinywa, nikaangalia bonnette.

Kahambu, iko kijani. Iko ndege. Hata ule uzi mwekundu nilimalizia nao, njo ule!

Na mimi nililia siku ile. Nilimushika mikono nikamuambia: "Kaka, vitu si kitu, Mungu amekurudisha muzima." Tuliombesha hata misa ya shukrani, naye akapiga magoti mbele ya watu wote. Akapiga magoti!

Unajua émission yake ya kwanza, kipindi cha kufungua, inazungumuzia nini?

Namna walimunyanganya ku barrière.

Na analia, Kahambu. Analia mu kitenge ya mama yangu.